Hidrojeni mbili tu: kwa nini sumu moja ya baharini ilishindwa na ndugu yake ikawa dawa?

#1 Mtunga_Shanga
Wakuu, habari za jioni. Naandika nikiwa Nyegezi, umeme umerudi sasa hivi, acheni niliweke hili swali kabla haujakatika tena.

Mwaka 1981 kundi la Kenneth Rinehart wa Chuo Kikuu cha Illinois lilitangaza peptidi za mviringo (minyororo ya asidi amino iliyofungwa ikawa pete) zilizotoka kwa mnyama laini wa Bahari ya Karibi, Trididemnum solidum. Hana mifupa, hana gamba, amejishikiza kwenye mwamba kama utando, lakini mwilini mwake mna sumu inayoua seli kwa kipimo kidogo mno. Iliyovutia kuliko zote ni didemnini B. Ikawa kitu cha kwanza kutoka baharini kujaribiwa kwa wagonjwa wa saratani kule Marekani. Ikashindwa. Watu walitapika, misuli ikalegea, wengine wakapata mzio mkali. Ikawekwa kando.

Baadaye akapatikana mnyama mwingine wa jamii hiyo, Aplidium albicans, Mediterania, karibu na kisiwa cha Ibiza. Kwake ikatoka plitidepsini. Desemba 2018 Australia ikaikubali kwa wagonjwa wa mailoma, saratani ya uboho.

Sasa leteni mizani. Uzito wa molekuli ya didemnini B ni 1112. Plitidepsini ni 1110. Pungufu ni hidrojeni mbili, basi! Pale penye kundi la alkoholi (oksijeni yenye hidrojeni yake) pakawa na ketoni (oksijeni isiyo na hidrojeni). Vingine vyote ni vilevile.

Swali langu: ni hizo hidrojeni mbili kweli zilizogeuza sumu kuwa dawa, au kuna kitu kingine tunachokiruka? Nauliza kwa sababu kazi ninayoitaka maishani ni kutengeneza nakala zilizorekebishwa za pete hizi, na sijui mkono uanze kugusa wapi.

#2 Sangara_Mweupe
Nimevuta kigoda.

#3 Mwl_Ilemela
Kijana, swali zuri na jibu lake lipo. Ukiondoa hidrojeni mbili kwenye pete, pete inabadilika umbo. Pete ya peptidi si bangili ya chuma, inajikunja ndani kwa ndani, na kila kundi linashikana na jirani yake kwa hidrojeni. Umbo likibadilika, inakamata kitu kingine ndani ya seli. Hapo ndipo sumu inapogeuka dawa. Nafundisha hili kidato cha sita kila mwaka.

#4 Mtunga_Shanga
Shikamoo mwalimu. Naomba nisahihishe kwa heshima. Badiliko haliko kwenye pete. Liko kwenye mkia. Hizi molekuli zina pete, halafu kwenye threonini ya ile pete unaning'inia mkia mfupi: leusini yenye metili, prolini, na ncha. Ncha ya didemnini B ni laktili, yenye ile alkoholi; ya plitidepsini ni piruvili, yenye ile ketoni. Pete zao ni pacha.

#5 Mwl_Ilemela
Marahaba. Nimeangalia mchoro tena, kweli ni mkia. Nimekubali. Ila hoja yangu ya kushikana kwa hidrojeni inabaki: alkoholi inaweza kutoa hidrojeni ya kushikia, ketoni haiwezi, inapokea tu. Mkia usio na cha kutoa utalala juu ya pete kwa namna nyingine.

#6 Nesi_Mstaafu
Wanangu, mnahesabu hidrojeni, mimi nahesabu ndoo. Nimeshika dripu za saratani miaka mingi. Mnasema didemnini B ilijaribiwa lini? Miaka ya 80. Ondansetroni, dawa ya kuzuia kutapika, iliidhinishwa Marekani 1991. Kabla ya hapo mgonjwa alikuwa anatapika mpaka anaomba dripu ing'olewe, na sisi hatukuwa na cha maana cha kumpa. Nakumbuka mgonjwa aliyeanza kutapika akiona tu koti langu jeupe linaingia mlangoni, sindano hata sijaitoa kwenye trei. Dawa ambayo mtu haivumilii inaandikwa kwamba imeshindwa. Ndugu yake akija baadaye, zama za ondansetroni, anavumilika. Mimi ningeanzia hapo.

#7 Dripu_Polepole
Naunga mkono nesi, naongeza moja. Angalieni jinsi ya kuitoa. Ile ya zamani ilikuwa inaingizwa kwa muda mfupi. Plitidepsini ilijaribiwa kwa ratiba nyingi tofauti, za saa tatu, za saa ishirini na nne, mpaka wakaona ipi mwili unaibeba. Na bado iligusa misuli! Walijaribu hata kuwapa wagonjwa karnitini kuikinga. Kwa hiyo ile sumu ya misuli haikuondoka na hidrojeni. Ilitafutiwa namna ya kuishi nayo.

#8 Mama_Dagaa
Samahanini wataalamu, mimi nauza dagaa hapa Mwaloni, kemia niliishia kidato cha pili. Hii pete ni ya nini? Kwa nini isiwe uzi tu?

#9 Mtunga_Shanga
Mama, swali lako ndilo roho ya kazi yote.

Asidi amino zichukulie kama shanga. Ukizitunga zikawa uzi, tumboni na kwenye damu kuna vimeng'enya vinavyokuja kula, na vingi vinaanzia nchani. Chukua kamba ya wavu: inaanza kufumuka wapi? Kwenye ncha iliyokatwa. Ukiziunga ncha mbili ikawa pete, mwenye kula nchani hana pa kuanzia. Pia uzi unachezacheza kila upande, pete imeshikwa, kwa hiyo ikifika kwenye protini inayotakiwa, inaingia bila kupoteza nguvu kujipanga kwanza.

Viumbe wa baharini wanaongeza mbinu mbili. Wanatumia asidi amino za mkono wa kushoto na wa kulia kwa pamoja, na vimeng'enya vyetu vimezoea mkono mmoja. Halafu wanabandika metili juu ya nitrojeni. Metili ikikaa pale, nitrojeni haina tena hidrojeni ya kushikana na maji, na pete inapenya utando wa seli kirahisi zaidi. Siklosporini ya wagonjwa wa figo ni mfano: asidi amino 11, saba zina metili hiyo, na mtu anaimeza kwa mdomo. Hiyo ilitoka kwa kuvu wa udongo wa Norway, si baharini, lakini somo ni lile.

#10 Mama_Dagaa
Sasa nimekuelewa. Asante mwanangu.

#11 Mkemia_Mkavu
Niwe wazi. Kwenye peptidi za mviringo zenye sumu ya seli, zile ambazo binadamu amezibuni zimeanguka, na zile za asili zimepita. Plitidepsini yenyewe haikubuniwa na mtu, ilikutwa mwilini mwa mnyama. Mtoa mada ameiita nakala iliyorekebishwa, sivyo. Romidepsini, iliyoidhinishwa Marekani 2009 kwa saratani ya limfu ya ngozi, ni ya bakteria wa udongo wa Japani vilevile ilivyo. Upande wa pili, kriptofisini 52: wakemia waliongeza metili moja ili kifungo cha esta kisikatike haraka, ikapendeza maabara, ikafika kwa wagonjwa ikaharibu neva. Elisidepsini, nakala ya kahalalidi F ya konokono wa Hawaii asiye na gamba, nayo iliachwa njiani. Tunajisifu kwamba tunabuni, kumbe bahari inabuni kutushinda.

#12 Mtunga_Shanga
Sikuiita nakala, rudia #1. Ila kweli sikusema wazi kwamba zote mbili ni za asili, hapo nakubali. Sasa hivi lakini plitidepsini haivuliwi. Inatungwa maabara mwanzo hadi mwisho.

#13 Sato_Mbichi
Mkemia Mkavu umesahau zikonotidi! Ni ya konokono wa koni, asidi amino 25, iliidhinishwa 2004.

#14 Nesi_Mstaafu
Hiyo ni ya maumivu, mwanangu, na inaingizwa kwenye uti wa mgongo. Haiui seli.

#15 Mkemia_Mkavu
Na ilitengenezwa maabara bila kubadilishwa hata asidi amino moja, kwa hiyo inaniunga mkono. Pia haijafungwa kichwa kwa mkia, imeshikwa na vifungo vitatu vya salfa.

#16 Voklo
Mkuu unachagua mifano inayokufaa. Voklosporini ni siklosporini iliyoongezwa kaboni moja kwenye asidi amino ya kwanza. Marekani iliikubali Januari 2021 kwa figo za wagonjwa wa lupasi, ugonjwa ambao kinga inashambulia mwili wenyewe. Imebuniwa na imepita. Na dolastatini 10 ya konokono wa Bahari ya Hindi, Dolabella auricularia? Peke yake ilikuwa kali mno. Wakaibadilisha, wakaifunga kwenye antibodi inayoipeleka kwenye seli ya saratani, na 2011 ikaidhinishwa.

#17 Mkemia_Mkavu
Ya kwanza si sumu ya seli. Ya pili ni uzi, si pete. Mada ni pete.

#18 Voklo
Ukiendelea kupunguza mpaka wa mada hivyo utabaki na mfano mmoja, wa kwako.

#19 Binti_wa_Pasiansi
Hapo kwenye neva za kriptofisini nimeguswa. Mama yangu mdogo alipewa vinkristini, dawa ya saratani, katika hospitali moja hapa mjini. Siku moja tunatoka kliniki, tumepita geti, nikaangalia chini nikaona ana ndala moja. Nyingine ilikuwa imebaki hatua kama thelathini nyuma, kwenye changarawe. Mguu ulikuwa na ganzi, hakuhisi kama imetoka. Tulipoulizia kwenye ile hospitali tuliambiwa ni uzee. Alikuwa na miaka 44.

Naomba kuelewa, hii ni dawa moja na hiyo kriptofisini?

#20 Mtunga_Shanga
Pole sana dada. Si dawa moja, ila zinashika mahali pamoja. Zote zinakamata tubulini, ile protini ambayo seli inajenga nayo nyuzi za kuvutia kromosomu inapogawanyika. Seli ya saratani inagawanyika kila mara, inakwama, inakufa. Lakini nyuzi hizohizo ndizo reli za kusafirisha mizigo ndani ya neva, na neva ya kufika kidoleni mwa mguu ni ndefu kuliko zote mwilini. Reli ikivurugika, ganzi inaanzia miguuni. Ndiyo maana si uzee, na mliopewa jibu lile mlistahili jibu bora. Kriptofisini ilipoletwa kwa ajili ya nguvu yake, ilikuja na gharama hiyohiyo ya tubulini. Hakuna metili itakayoondoa hilo, maana kosa haliko kwenye pete, liko kwenye mlango unaogongwa.

#21 Dripu_Polepole
Hapo umejijibu swali la mwanzo bila kujua. Didemnini B na plitidepsini zinagonga mlango upi?

#22 Mtunga_Shanga
Zote mbili zinashika eEF1A, protini inayopeleka asidi amino kwenye ribosomu, kiwanda cha protini cha seli. Plitidepsini imeripotiwa kushika zaidi aina ya pili, eEF1A2, ambayo seli za mailoma zinayo kwa wingi. Aina hiyo ya pili ipo pia kwenye misuli, moyo na ubongo.

#23 Dripu_Polepole
Basi! Mlango mmoja, na misuli ilielezwa humohumo. Tofauti haiwezi kuwa mlango. Ni dozi na ratiba.

#24 Mwl_Ilemela
Au ni jinsi kila moja inavyofika mlangoni. Mkia unaamua nani anapita utando na nani anabaki nje.

#25 Sato_Mbichi
Swali la mjinga: mwili hauwezi kuirudishia ketoni hidrojeni zake? Maana ini letu lina vimeng'enya vya kazi hiyo. Ikiwa hivyo, mgonjwa anapewa plitidepsini halafu ndani anatengeneza didemnini B mwenyewe.

#26 Mkemia_Mkavu
Hilo si swali la mjinga. Ndilo swali bora kwenye uzi huu.

#27 Furu_wa_Luchelele
Nimesoma yote. Wakuu mnazungumzia Karibi na Hawaii, na pete ya sumu iko mbele ya nyumba yangu. Tangu juzi maji ya ziwa hapa Luchelele yamegeuka kijani kibichi, kama rangi ya kupaka ukuta imemwagwa. Ukichota kwa jagi na kuliacha nusu saa, ile kijani inapanda juu inaunda utando, chini maji yanabaki meupe. Watoto wanaogelea humo. Hii si ndiyo mikrosistini?

#28 Mtunga_Shanga
Huo utando unaopanda ni sayanobakteria, bakteria wanaotumia mwanga wa jua kama mimea. Wana vifuko vya hewa, ndiyo maana wanaelea. Si kila wanapojaa pana sumu, kwa macho huwezi kujua, lakini watafiti wamewahi kuipima mikrosistini hapahapa Ghuba ya Mwanza. Watoto watoke, na mbwa asinywe.

Na ndiyo, ni peptidi ya mviringo. Asidi amino saba, za mikono yote miwili, na moja ndefu ya ajabu iitwayo Adda ambayo inaingia kwenye protini fosfatasi, kimeng'enya cha ndani ya seli, kama funguo. Aina zake zilizojulikana zinazidi 250, nyingi zinatofautiana kwa shanga mbili tu.

#29 Mama_Dagaa
Nikichemsha?

#30 Nesi_Mstaafu
Hapana mama! Kuchemsha kunaua vijidudu, pete haivunjiki. Tena seli zikipasuka sumu inamwagika majini. Chota mbali na utando, au tumia maji ya bomba. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani kwa maji ya kunywa ya siku zote ni mikrogramu 1 kwa lita, ndogo hivyo.

#31 Mama_Dagaa
Na samaki je? Wateja watanikimbia.

#32 Nesi_Mstaafu
Inakaa zaidi kwenye ini na utumbo. Sato mtoe matumbo yote, mwoshe kwa maji safi. Dagaa wanaliwa na matumbo yao, kwa hiyo wavuvi wako wasivue penye utando.

#33 Voklo
Mtoa mada, hapo ndipo ungeanzia. Mikrosistini haipenyi seli yoyote tu, inapitishwa na wabebaji waliomo kwenye seli za ini, wanaitwa OATP1B1 na 1B3. Kuna uvimbe wa saratani ambao nao una OATP1B3. Watafiti wamejaribu nakala zinazopendelea mbebaji huyo kuliko yule wa kwanza. Pete ya ziwani, mlango wa saratani.

#34 Nesi_Mstaafu
Naomba mnisikilize hapa. Mwaka 1996 huko Caruaru, Brazili, wagonjwa wa figo walisafishwa damu kwa maji yenye sumu hiyo. Zaidi ya watu 50 walikufa, ini lilikufa kabla yao. Ini lina wabebaji wote wawili. Ukikosea kidogo kwenye kupendelea, umemuua mgonjwa wako kwa tiba. Sikatai utafiti. Nasema ini liwe la kwanza kupimwa, si la mwisho.

#35 Mkemia_Mkavu
Kwa hili niko na nesi.

#36 Konokono_Hana_Hatia
Nichomeke. Mnasema pete ya konokono, pete ya mnyama laini. Mpishi mara nyingi ni bakteria. Didemnini zimekutwa zikitengenezwa na bakteria wa baharini Tistrella mobilis. Kahalalidi F: konokono anaila kutoka kwa mwani Bryopsis, na 2019 ikaonekana kwamba hata mwani si mpishi, ni bakteria anayeishi ndani yake. Kwa hiyo ziwa letu na bahari yao si mbali kama mnavyodhani. Na kriptofisini ilitoka kwa Nostoc, jamaa wa hao wanaoelea Luchelele.

#37 Sangara_Mweupe
Kigoda kimeniuma lakini sitoki.

#38 Mtunga_Shanga
Asanteni, nimejaza daftari. Acheni nieleze kisa kilichonifundisha kuliko vitabu.

Nikiwa masomoni nje nilikuwa natunga peptidi ya shanga tisa, niifunge iwe pete. Tunatunga juu ya punje za resini, mbinu aliyoileta Merrifield mwaka 1963. Punje ni kama chenga za semolina, ziko ndani ya bomba la sindano la plastiki lenye kichujio chini. Unaingiza shanga moja, unasuuza, unavua kofia yake ya kinga, unaingiza inayofuata. Kila hatua unachota punje chache unazipasha moto na ninhidrini. Zikiwa bluu, kuna nafasi hazijajazwa. Zikibaki njano, endelea.

Zangu zilikuwa njano kila hatua, safi kabisa. Nikaikata kwenye resini, nikaipima uzito: kwenye grafu milima minne badala ya mmoja. Shanga zilikuwa zimejirudia. Wiki tatu. Nikarudia, ikatoka vilevile.

Siku moja mwenzangu akapita mezani akasema, "Mbona panasikika samaki hapa?" Ilikuwa DMF, kile kiyeyushi cha kusuuzia. Ikizeeka inavunjika na kutoa dimethilamini, na dimethilamini inanuka samaki. Pia inavua kofia za shanga kabla ya wakati, kwa hiyo shanga moja inaingia mara mbili. Chupa ilikuwa imesimama pua kwa pua na mimi muda wote ule. Nimezaliwa Kirumba, harufu ya samaki kwangu ni nyumbani, haikunijia hata siku moja kwamba ni dalili.

Nilipofungua chupa mpya uzi ukatoka mlima mmoja. Kufunga pete nilitumia maji mengi, namaanisha kiyeyushi kingi, milimola moja kwa lita au chini, maana ukizibana nyuzi pamoja ncha ya huyu inaungana na ya jirani, unapata fundo.

#39 Mama_Dagaa
Kama nyavu zikirundikwa kwenye mtumbwi mmoja.

#40 Mtunga_Shanga
Hivyo hivyo mama.

Kwa hiyo nimeamua. Sitagusa pete mwanzoni. Nitatunga pete moja rahisi, niipe mikia miwili: mmoja wa laktili, mmoja wa piruvili. Halafu ile hoja ya Sato Mbichi: nitaweka ule wa piruvili pamoja na seli za ini na kuangalia kama laktili inajitokeza.

#41 Dripu_Polepole
Hata ukipata jibu, utakuwa umejibu kwenye sahani ya maabara. Ratiba ya dripu huijui mpaka kwa mgonjwa. Na usisahau Ulaya iliikataa plitidepsini 2018, faida ya muda kabla ugonjwa kusonga ilikuwa kama mwezi mmoja. Labda hata hiyo tofauti ya "ilishindwa" na "ikawa dawa" ni ya nani alikuwa anasoma faili.

#42 Mwl_Ilemela
Sahani ni lazima itangulie. Mimi bado nipo kwenye mkia.

#43 Nesi_Mstaafu
Seli za kawaida umeweka zipi? Usiniletee za saratani peke yake.

#44 Mtunga_Shanga
Za ini na za misuli, mama, na zinapimwa siku moja na za mailoma. Ule unga wa njano wa MTT nauweka kote kwa saa zilezile, penye uhai panageuka zambarau, tunasoma kwenye nanomita 570. Nikiona sahani ya ini imebaki njano nasimama hapohapo.

#45 Nesi_Mstaafu
Hapo sawa.

#46 Furu_wa_Luchelele
Watoto nimewatoa. Mtumbwi wa jirani umebaki na mstari wa kijani ubavuni, umekauka kama rangi. Nitatuma picha kesho.

#47 Konokono_Hana_Hatia
Mtoa mada, DMF ikifika usiifungue peke yako. Niite niinuse mimi, nimekulia Tabora.